Picha ya Mtoto Mgonjwa ni Jasho Lake

Mwaka 1949 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, lilitoa kadi yake ya kwanza ya salamu. Picha yake ilichorwa na Jitka Samkova, mtoto wa kike wa miaka 7 kutoka Chekoslovakia, kwa kushukuru msaada uliofika kwao baada ya vita. Alichora juu ya kioo kwa kukosa karatasi. Mwaka 1973 hospitali ya saratani ya M.D. Anderson, Houston, Marekani, ilianza kugeuza picha za wagonjwa wake watoto kuwa kadi.

Twaona jambo hili linafaa kuigwa kwetu. Hospitali ya Rufaa ya KCMC, Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, hupokea watoto kutoka miteremko ya Kilimanjaro na mikoa jirani. Wako wanaokaa wodini majuma mengi kwa majeraha ya moto au saratani. Mtoto huyo akipewa karatasi na rangi, hupata shughuli isiyokuwa kungoja sindano. Picha yake ya mlima au ya mgomba wa nyumbani yaweza kuwa kadi nzuri ya Idi au Krismasi, na ndugu zetu wa Visiwani wakaifurahia.

Hata hivyo, hatuna budi kutoa tahadhari. Mtoto mgonjwa si ombaomba, na maradhi yake si bidhaa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufunza kwamba kula jasho la mwingine ni unyonyaji. Jasho la mtoto halina hukumu nyingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mchoraji, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe.

Kwa hiyo picha isichukuliwe bila ridhaa ya mtoto na mzazi wake. Ugonjwa wake usitangazwe ili kadi inunuliwe. Picha yenyewe arudishiwe, hesabu ziwe wazi, na fungu lake limfikie, walau liwe nauli ya kurudi kliniki.

Tunatoa wito kwa viongozi wa afya, Bara na Visiwani, waweke utaratibu huo kabla kadi ya kwanza haijachapwa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.