Wanaosema filamu ya Jesse James inachosha, ndio inaowasema

KUNA filamu ambazo watu huzitazama leo na kesho wakazisahau. The Assassination of Jesse James by the Coward Robert Ford, iliyotoka Septemba 2007, si miongoni mwa hizo. Tangu ianze kuonyeshwa imewagawa watazamaji katika kambi mbili ambazo hadi leo hazijapatana.

Kambi ya kwanza inadai filamu hii inachosha. Inachukua dakika 160. Inahusu majambazi wa Marekani wa karne ya 19, wenye farasi na bastola, ilhali kimya ni kingi kuliko milio ya risasi. Watu wanaketi, wanatazamana, wanakula. Mawingu yanapita. Theluji inaanguka. Mtu aliyelipa ili kuona makauboi wakikimbizana anajiona ametapeliwa.

Kambi ya pili inaapa kuwa hii ni miongoni mwa filamu bora kabisa kuwahi kutengenezwa kuhusu majambazi hao. Mnamo Desemba 2013 iliandaliwa upya kwa onyesho maalumu katika jumba la Museum of the Moving Image mjini New York. Mwaka wa 2016, shirika la BBC lilipowauliza wahakiki wa nchi mbalimbali wataje filamu bora za karne hii, iliingia katika orodha ya 100.

Sokoni, kambi ya kwanza ndiyo iliyoshinda. Filamu iligharimu takriban dola milioni 30, na mauzo ya tikiti kote duniani yakafikia karibu nusu tu ya fedha hizo. Mwezi huohuo wa Septemba 2007 ilitoka filamu nyingine ya majambazi na farasi, 3:10 to Yuma, iliyojaa mbio na mapambano. Hiyo ilikusanya zaidi ya dola milioni 50 nchini Marekani pekee.

Sitaitetea filamu hii kwa methali ya haraka haraka haina baraka. Zipo filamu nyingi za polepole zisizo na baraka yoyote; mwelekezi hana la kusema, basi anatuonyesha milima. Utetezi wangu ni mwingine. Nadhani wanaolalamikia mwendo wake ndio hasa watu ambao filamu yenyewe inawazungumzia.

Anza na jina lake. Atakayeuawa ametajwa. Atakayeua ametajwa. Hata tusi ambalo muuaji atabandikwa, yaani mwoga, limeandikwa pale pale kabla hujaketi. Mwelekezi Andrew Dominik, aliyezaliwa New Zealand na kukulia Australia, aliitoa filamu hii katika riwaya ya Ron Hansen ya mwaka 1983. Kwa jina hilo anakunyang'anya swali la nini kitatokea. Anakuachia maswali mawili mengine: mtu hufikaje mahali pa kumuua anayemwabudu? Na umma utamfanyia nini baada ya hapo?

Kisa kinaanza Septemba 1881, majambazi wakivamia gari la moshi usiku huko Blue Cut, jimbo la Missouri. Huo ndio wizi wao wa mwisho wa aina hiyo. Kutoka hapo hadi asubuhi ya Aprili 3, 1882, ambapo Jesse anauawa mjini St. Joseph, ni miezi 7. Miezi hiyo ndiyo karibu filamu nzima.

Jesse, anayeigizwa na Brad Pitt, ana umri wa miaka 34 na anaishi kwa jina bandia la Thomas Howard. Ana mke na watoto wawili wadogo. Anajua kwamba Gavana Thomas Crittenden ametangaza zawadi ya maelfu ya dola kwa atakayewezesha kukamatwa kwake. Anashuku kuwa mmoja wa wenzake atamuuza, lakini hajui ni yupi. Basi anawatembelea mmoja baada ya mwingine, na hakuna anayejua kama amekuja kula au amekuja kuua.

Hapa ndipo mwendo wa polepole unapofanya kazi yake. Mezani, Jesse akicheka wote wanacheka. Akinyamaza ghafla, vijiko vinasimama. Mtazamaji naye anasubiri pamoja nao. Ukikata tukio kama hilo liwe la dakika moja, utapata habari kwamba watu hawa waliogopa, lakini hutaonja woga wao. Mtu anayeogopa hana kazi nyingine isipokuwa kungoja.

Anayengoja kuliko wote ni Robert Ford, kijana wa miaka 20. Casey Affleck anamwigiza kwa namna iliyomfanya ateuliwe kuwania tuzo ya Oscar. Tangu utotoni Ford amehifadhi chini ya kitanda sanduku la vijitabu vya bei rahisi vinavyosimulia ushujaa wa Jesse. Amehesabu mambo ambayo yeye na shujaa wake wanafanana. Sasa analala chini ya paa moja naye, na anagundua kuwa yule wa vijitabuni hayupo. Aliyepo ni mwanamume mgonjwa wa shaka, anayempiga mvulana mdogo ili ampe habari, kisha akasimama kando ya farasi wake na kulia.

Ugunduzi kama huo hauwezi kutokea kwa haraka. Mtu haachi kuabudu kwa siku moja.

Asubuhi ya Aprili 3, Jesse anavua mkanda wake wa bastola, anapanda kiti na kuanza kupangusa vumbi kwenye picha iliyoning'inia ukutani. Ford anampiga risasi kutoka nyuma. Filamu nyingi zingemalizia hapo. Hii inaendelea, na ndipo hata baadhi ya waliovumilia wanapouliza mbona haiishi.

Haiishi kwa sababu bado haijasema ilichokuja kusema. Maiti ya Jesse inawekwa kwenye barafu na kupigwa picha, na picha zinauzwa. Robert na kaka yake Charley wanakiri kosa, wanahukumiwa kunyongwa, na siku hiyo hiyo gavana anawasamehe. Hayo yalitokea kweli. Kisha ndugu hao wawili wanapanda jukwaani kuigiza mauaji hayo mbele ya watu waliolipa kiingilio, Charley akiwa ndiye Jesse na Robert akiwa yeye mwenyewe. Kwa mujibu wa msimulizi wa filamu, Robert alikadiria kuwa alimuua Jesse jukwaani zaidi ya mara 800.

Umma ule ule uliolipa kumwona akifyatua risasi ndio uliomzomea kuwa mwoga. Charley alijiua mwaka wa 1884. Robert aliuawa kwa bunduki mjini Creede, Colorado, Juni 1892, na mtu aliyeitwa Edward O'Kelley. Muuaji huyo naye alifungwa, na kufikia mwaka wa 1902 alikuwa ameachiliwa.

Sasa wafikirie wale waliojaza kumbi kumtazama Ford. Walitaka nini? Walitaka ile risasi. Hawakutaka miezi 7 iliyoitangulia, wala usiku wa mtu aliyeifyatua. Walitaka dakika moja tu, kesho wairudie. Mtazamaji anayesema filamu ingefika haraka kwenye mauaji, kisha iishe, ameketi katika safu ile ile na watu hao. Dominik amemwekea kiti chake mapema, naye analalamika kuwa kiti ni kigumu.

Sisemi malalamiko yote hayana msingi. Ukiitazama mara ya kwanza, ni rahisi kuwachanganya Wood Hite, Dick Liddil na Ed Miller, wote wanaume wenye ndevu na makoti mazito. Wengine wanamlalamikia msimulizi, wakisema anaeleza yanayoonekana.

Kuhusu msimulizi, mtazamaji wa Afrika Mashariki angepaswa kuwa wa mwisho kulalamika. Katika vibanda vyetu vya video, msimulizi anayeweka maneno yake juu ya picha ni sehemu ya burudani kwa miaka mingi sasa. Tofauti ni kuwa wetu huharakisha mambo na kuchekesha, ilhali huyu anaongea kama mtu anayesoma kumbukumbu za marehemu. Tena hakubaliani na picha kila mara. Anatuambia Jesse alikuwa na maradhi ya kope yaliyomfanya apepese macho kuliko watu wengine, huku Pitt akikodoa tu. Tumwamini nani, anayesema au tunayemwona? Katika filamu inayohusu uongo wa sifa, hilo ni swali la haki.

Kasoro kubwa zaidi, ambayo wanaolalamikia urefu hawaitaji, ni ya jambo lililoachwa.

Mpiga picha Roger Deakins aliteuliwa kuwania Oscar kwa kazi hii, na anastahili sifa. Taa ya gari la moshi ikipenya kati ya miti kule Blue Cut ni picha ambayo haisahauliki. Muziki wa Nick Cave na Warren Ellis nao unaingia moyoni. Lakini uzuri huo wote umemzunguka mtu gani? Msimulizi anasema kwa kupita tu kwamba Jesse alijihesabu kuwa mtiifu kwa Kusini na mpiganaji wa vita ambavyo kwake havikuwa vimekwisha. Baada ya hapo, historia hiyo inafunikwa na theluji.

Kusini hiyo ilipigania nini? Ilipigania haki ya kumiliki watu weusi. Familia ya akina James huko Clay County, Missouri, ilimiliki watumwa. Mwaka wa 1864, akiwa na miaka 16, Jesse alijiunga na wapiganaji wa msituni waliokuwa upande huo. Septemba ya mwaka huo, kundi la Bill Anderson alilolitumikia liliwashusha kwenye gari la moshi mjini Centralia wanajeshi zaidi ya 20 wa serikali wasiokuwa na silaha na kuwaua. Baada ya vita, mhariri wa gazeti la Kansas City, John Newman Edwards, ndiye aliyeshika kalamu na kumgeuza mwizi wa benki kuwa shujaa wa walioshindwa. Vijitabu vilivyokuwa chini ya kitanda cha Ford vilipata mbegu huko.

Filamu inayotaka kutuonyesha jinsi sifa za jambazi zinavyotengenezwa ilipaswa kumwonyesha mtengenezaji. Ilipaswa pia kuwaonyesha waliokufa bila wimbo wala picha, akiwemo karani wa benki John Sheets, aliyepigwa risasi Gallatin mwaka wa 1869 katika wizi ambao Jesse anahusishwa nao. Kwa hiyo mimi nalalamika kinyume cha wengine. Dakika 160 hazikutosha. Ningeongezewa 20 za watu hao, ningekaa.

Hata hivyo, ilichofanya kwa muda iliojipa, filamu nyingi hazijathubutu. Mwaka wa 1939, Hollywood ilimpa Jesse sura nzuri ya Tyrone Power na kumfanya mtetezi wa wakulima dhidi ya kampuni za reli. Huyu wa 2007 hamtetei mtu. Anaua rafiki aliyemwamini, na anawatesa waliobaki kwa tabasamu. Ukikaa naye saa mbili na nusu, hutatamani kuwa yeye.

Hilo si jambo dogo, hata kwetu. Katikati ya miaka ya 1990, watoto wa Nairobi waliyajua majina ya Wanugu, Wacucu na Rasta kana kwamba ni wachezaji wa kandanda. Ni wangapi waliolijua hata jina moja la mtu aliyeporwa au kuuawa? Jambazi husimuliwa kwa haraka: alivamia, alitoroka, akauawa. Kwa mwendo huo, kila jambazi hung'aa. Ukimsimulia polepole, pamoja na mke asiyelala na watoto wasiojua jina halisi la baba yao, mng'aro unaanza kubanduka.

Ushauri wangu kwa ambaye hajaiona ni mfupi. Itafute usiku usio na shughuli, simu uiweke mbali. Majina yakikuchanganya, usijali, yatajipanga. Na risasi ikishalia, Jesse akaanguka chini ya ile picha, usiinuke. Kaa umtazame Robert Ford akipanda jukwaani, kisha utazame vizuri nyuso za waliolipa kumwona.