Fundi wetu akigusa gari, garanti imekufa?

Ndugu wakulima, mwaka jana kamioneti ya koperative yetu ilisimama katika mlima wa Nyabibwe, nyuma imejaa kahawa ya memba. Bwate ya vitesi ilikataa. Gari ilikuwa na miezi 14, na garanti yake ni ya miaka 2. Tukaivuta mpaka kwa muuzaji. Akainama, akaona lame 2 tulizoongeza kwenye resori za nyuma, akauliza vidanje tulifanyia wapi, kisha akasema: "Papa Prezida, hii gari mulishaifungua inje. Garanti imekufa." Tulilipa wenyewe, na feza ile ndiyo ilikuwa ya kununua mashini ya kumenya kahawa.

Mimi naona muuzaji alichanganya mambo mawili, nasi tukamsaidia kuyachanganya.

Kwanza vidanje. Kubadilisha mafuta ya moteri na filtre si kazi ya siri. Fundi wa kijiji akitumia mafuta yanayotakiwa, gari haijui nani alifungua buloni. Na nani atateremusha gari mpaka Bukavu, siku nzima ya barabara, kwa ajili ya litre chache za mafuta? Marekani ilikwisha kuliamua jambo hili tangu 1975: kwa kawaida mtengenezaji haruhusiwi kusema garanti inakufa eti kwa sababu mtu alitumia garaji nyingine ao piesi za jina lingine.

Kwetu Congo tunaanzia kwenye karatasi. Dekreti ya 1888 juu ya mapatano, ambayo ingali inatumika, inasema mapatano yaliyofanywa kwa haki ni sheria kwa wale walioyafanya. Basi kama karatasi inasema vidanje ni kwa garaji ya muuzaji tu, tumejifunga. Je, tuliisoma? Mimi mwenyewe nilitia sahihi nikiwa nimesimama, funguo mkononi, memba wanapiga makofi inje. Dekreti hiyohiyo inamtaka muuzaji ajibie ubovu uliofichama ndani ya kitu alichouza, ila kama mlipatana vingine. Lakini lazima kulalamika upesi, si kisha mavuno mawili.

Sasa lame. Hapa wenzangu watanikasirikia. Lame haziongezi nguvu ya bwate, wala ya ekseli, wala ya freni. Zinazuia tu gari isilale nyuma, macho yasione kwamba tumepakia kupita kipimo. Sisi tulizitia kusudi tupakie magunia zaidi, tusidanganyane. Kwa bwate, muuzaji alikuwa na neno la kusema. Lakini kama ingekuwa demarere imekufa, lame zinaingiliaje? Anayekataa garanti aonyeshe namna kile tulichobadilisha kilivyoharibu kile kilichovunjika, na aandike. Neno la mdomo mbele ya garaji si jibu. Sisi hatukuomba karatasi, tukarudi nyumbani na hasira.

Tena hata juu ya vidanje hatukuwa na ushuhuda. Fundi tulimlipa mkononi, bila fakture. Sasa tuna kaye ndani ya gari: tarehe, kilometa, aina ya mafuta, fakture ya filtre, sahihi ya fundi na ya shofere. Shofere alinung'unika wiki mbili, akazoea.

Neno langu la mwisho ni kwa mashirika yanayotuletea magari na mashini. Munapatana bei na muuzaji sisi hatupo, kisha munatupatia funguo na maturubai yenye alama yenu. Mbele ya kulipa, andikisheni mstari mmoja: fundi wa kwetu aliyefundishwa na muuzaji anaweza kufanya vidanje, na garanti inabaki. Kumfundisha fundi mmoja siku chache kunagharimu kidogo kuliko bwate moja. Na karatasi ile itufikie kwa Kiswahili, mbele ya sherehe.