Kanga Iliyododa Haiendi Nyumbani

Mpenzi msomaji, mwezi huu niruhusu nisizungumzie meseji za wapenzi wala bajeti za harusi. Nataka nikusimulie habari za Baba yangu, mchuuzi wa kanga wa Bagamoyo, ambaye juzi tu tumemsomea hitima ya kutimiza mwaka mmoja. Usifunue ukurasa mwingine, wewe na mwenza wako mmo humu.

Bagamoyo ina wafanyabiashara wake wenye majina. Hata Muhimbili jina la Sewa Haji bado lipo, jina la tajiri wa Bagamoyo, Sewa Haji Paroo, aliyefariki mwaka 1897 na kukumbukwa kwa mali aliyotoa kwa ajili ya shule na hospitali. Baba yangu hakuacha jengo. Aliacha mke, watoto watano, baiskeli ya Phoenix na kaunta buku moja iliyojaa majina ya wateja.

Alianza mwaka 1986, Mzee Mwinyi yuko Ikulu na biashara ndiyo kwanza inafunguka. Waliokuwepo wanakumbuka miaka michache kabla ya hapo, kanga ilikuwa kitu cha kupanga foleni na kugombania. Baba alikwenda Dar, karibu kilomita 70, akachukua mzigo Mtaa wa Uhuru kwa mali kauli. Yaani unapewa bidhaa bila kutoa senti, dhamana ni neno lako tu, ukiuza ndiyo unarudisha hela. Mzigo anaufunga nyuma ya baiskeli, kisha ni Kaole, Mbegani, Mlingotini, Zinga, mpaka Kerege.

Si unajua kanga hainunuliwi kwa rangi tu, inanunuliwa kwa jina lake. Siku moja mama mmoja wa Mlingotini, mkulima wa mwani, alitaka kanga yenye kijembe kikali apate kumvalia jirani yake waliyegombana. Baba akakataa kuiuza. Akatoa doti yenye jina la upole, akaikata katikati, kipande kimoja akampa yeye, cha pili akampelekea jirani. Akawaambia kila mmoja atalipa nusu, na atakayetaka doti kamili ajue pa kuifuata nusu iliyobaki. Walilipa wote wawili. Msibani kwa Baba walikuja pamoja.

Msidhani alikuwa malaika. Alikopesha hovyo, na kuna miezi Mama alilazimika kuuza maandazi ili tule. Walikuwa wakigombana kwa hilo, tena kwa sauti. Na mimi, nikiri tu, nilimwonea aibu. Nikiwa sekondari niliwaambia wenzangu kwamba Baba "anashughulika na nguo", kama vile ana kiwanda.

Basi bwana, dunia ina mambo. Leo na mimi ni muuzaji, ila nafunga tai. Nina cheo cha mauzo katika ofisi moja hapa jijini. Wateja wangu nawajua siku zao za kuzaliwa, najua nani hanywi soda na mtoto wa nani anafanya mtihani. Natabasamu tangu asubuhi mpaka jioni. Nikifika nyumbani, tabasamu limekwisha. Mke wangu akinisemesha namjibu "mmh" huku macho yako kwenye simu.

Mwaka huu, siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu, nilisahau. Nikakumbuka saa kumi na moja jioni nikiwa bado ofisini. Pembeni palikuwa na kikapu cha zawadi ambacho mteja mmoja hakuja kukichukua, kina biskuti, majani ya chai na kikombe. Nikakibeba. Mke wangu alikitazama, akageuza utepe, akaona nembo ya ofisi. Akaniuliza swali moja tu: "Hiki kilikuwa cha nani?"

Sikuwa na jibu. Tulikwenda Bagamoyo kwenye hitima tukiwa na siku ya nne hatuzungumzi.

Baada ya wageni kuondoka, Mama akatoa ile kaunta buku. Madeni ya Mtaa wa Uhuru tulishayamaliza siku zile za arobaini, lakini kitabu chenyewe alikuwa amekificha kabatini mwaka mzima. Mimi na mke wangu tukakaa mkekani tukifunua. Fulani wa Zinga, doti mbili, bado. Fulani wa Kaole, doti moja, amelipa nusu. Mara mke wangu akaweka kidole kwenye mstari mmoja, kisha mwingine, kisha mwingine. "Mama Watoto. Doti 1. Bei ya mteja. Imelipwa." Mwaka baada ya mwaka.

Nikamuuliza Mama, "Ulikuwa unanunua kanga kwa Baba?" Akacheka mpaka akafuta machozi. "Mwanangu, mimi ningetoa wapi hela? Alikuwa analipa mwenyewe. Mzigo mpya ukifika ananifungulia mimi kwanza, nachagua, ndipo wateja waone. Nilimwambia, si unipe tu zile zilizododa, hasara ya nini? Akasema kanga iliyododa haina kosa, itapata mtu wake njiani. Lakini haiendi nyumbani."

Mke wangu hakusema kitu. Na mimi sikuthubutu kuinua uso.

Tulipokuwa tunarudi, tulipofika Bunju nikamwambia, "Kile kikapu kilikuwa cha mteja ambaye hakuja." Akajibu, "Najua. Nilitaka uniambie wewe." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza baada ya siku nne.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Mtaa wa Uhuru. Jamani, kuchagua kanga ni kazi! Alifungulisha doti baada ya doti, mimi nimekaa kwenye stuli, simu nimezima, naulizwa "hii je?" na ninajibu kwa sentensi kamili. Nikalipa bei ya mteja, sikuomba punguzo.

Sasa nikuulize wewe unayesoma. Sauti yako nzuri unaitumia kwa nani? Subira yako, utani wako, saa zako ambazo bado hujachoka, nani anazipata kwanza? Wengi wetu tunapeleka nyumbani kilichododa, kisha tunashangaa kwa nini hakipokelewi kwa shangwe. Si lazima ununue kitu. Jioni moja wiki hii, fungua mzigo nyumbani kwanza, kabla wateja hawajaona.

Ile kaunta buku Mama amempa mke wangu aitunze. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na nafasi. Ameandika mstari mmoja kwa mwandiko wake, na hilo deni nimelipa.

Tukutane mwezi ujao.