INTANETI YA OFISI IWE MALI YA CHAMA

Ndugu wanachama,

Ofisi yetu mpya hapa Mang'ola imefunguliwa, lakini intaneti hakuna. Katibu anajaza taarifa za chama katika MUVU, ule mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, kwa simu yake mwenyewe. Je, siku akiumwa, kazi ifanywe na nani?

Sisi tunaona hivi. Waya wa kudumu usubiri. Kwa sasa tununue ruta ndogo inayotumia laini ya simu. Kwanza tuazime laini za mitandao yote, tuzijaribu pale pale mezani, asubuhi na jioni. Mtandao unaoshika vizuri Karatu mjini, huku bondeni waweza kusuasua. Laini isajiliwe kwa jina la chama, siyo la mtu. Ruta iwe na betri, umeme ukikatika kazi isisimame. Na bando la chama si la kutazamia mpira jamani!

Mwenye vitunguu anataka bei ya Arusha kabla lori halijaondoka, siyo baadaye. Basi ndugu, tuje mkutanoni tuamue.