Mwenye Kuuguza na Mawazo Yake

Kuuguza ni kazi isiyo na saa ya kutoka. Mazinde, kama kwingineko chini ya milima ya Usambara, mgonjwa wa kiharusi, mzee aliyepotewa na kumbukumbu au mtoto wa selimundu huuguzwa nyumbani, na aghalabu mzigo humwangukia mwanamke mmoja: mke, binti au mkamwana. Hata anayelazwa hospitali ya Magunga, Korogwe, hufuatwa na ndugu wa kumpikia na kumfulia. Uchovu wa mwili wa mwenye kuuguza kila mtu huuona. Mawazo yake hayaonekani: nikisinzia atakufa, dawa zikiisha itakuwaje, ningemwahisha hospitali asingepooza.

Mawazo hayo si upungufu wa imani. Yana makao yake ndani ya ubongo. Usawa wa masikio, kulia na kushoto, kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi iitwayo amigdala. Hiyo ndiyo mpiga baragumu wa hatari. Ikishituka, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, kisha kotisoli. Moyo hudunda, pumzi hukatika, tumbo hukaza. Kwa nyoka aliyejitokeza kwenye mkonge, mpango huo ni mzuri, maana nyoka hupita. Kiharusi hakipiti kwa dakika tano. Tena baragumu hilo hulia hata kwa msiba uliowazwa tu. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo yenye kazi ya kupima na kutuliza, nayo hudhoofishwa na kotisoli ya muda mrefu na kukosa usingizi. Ndiyo maana wazo linalobebeka saa nne asubuhi huwa halibebeki saa nane usiku.

Madhara ya hali hiyo huufikia mwili. Mwaka 1995 mwanasaikolojia Janice Kiecolt-Glaser na wenzake huko Ohio, Marekani, waliwatia vidonda vidogo vya kipimo kimoja wanawake 13 waliokuwa wakiuguza ndugu waliopotewa na kumbukumbu, na wengine 13 wa umri ule ule wasiouguza. Vidonda vya wenye kuuguza vilichelewa kupona kwa wastani wa siku 9.

La kutia moyo ni kwamba ubongo hubadilika hata ukubwani. Mwanasaikolojia Donald Hebb alieleza mwaka 1949 kuwa chembe za neva zinazofanya kazi pamoja mara kwa mara huimarisha kiungo kilicho kati yao. Basi wazo linalorudiwa kila usiku huja kwa wepesi zaidi usiku unaofuata. Na wazo jipya nalo, likirudiwa, huota mizizi vivyo hivyo.

Hapo ndipo nasaha ya jirani, "acha mawazo, mama," inapokosa shabaha. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner aliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe. Dubu akawajia tena na tena. Wazo halifukuzwi, hupewa badala. Kwanza litajwe kwa jina: hii ni hofu, hii ni hasira. Uchunguzi wa mwanasaikolojia Matthew Lieberman, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kuwa kuitaja hisia kwa jina hupunguza mshituko wa amigdala. Kisha pumzi itolewe polepole kuliko ilivyoingizwa, kwa dakika chache, moyo upungue mbio. Ndipo wazo lihojiwe, kama alivyofundisha daktari wa akili Aaron Beck tangu miaka ya 1960: usiku huu kinachojulikana kwa hakika ni nini? Mgonjwa amegeuzwa saa nane, atageuzwa saa kumi, mgongo haujachubuka. Badala ya "sifai" liwe jambo la kweli kama hilo, si la kujipaka asali.

Usingizi ukipotea kwa majuma, mkono ukianza kumwinukia mgonjwa, au kifo kikianza kutamaniwa, hayo si mawazo ya kujituliza nyumbani tena. Ni ugonjwa wenye matibabu. Hapana budi kwenda kituo cha afya bila kungoja. Usambara yenyewe ina hospitali ya Lutindi, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, ikaanza kupokea wagonjwa wa akili mapema katika karne ya 20. Kutafuta tiba ya akili si aibu ya ukoo.

Lakini kumfundisha mtu kutuliza ubongo na huku amenyimwa usingizi ni dhuluma. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyechunguza maisha ya Wasambaa kwa miaka mingi, alionyesha kuwa uamuzi wa tiba ni wa ndugu, si wa mgonjwa peke yake. Wanaokaa kitako kuamua kati ya hospitali na mganga ni wengi. Wa kukesha ni mmoja. (Yupo na shangazi ajaye na nasaha tele, akaondoka na basi la mchana.) Wenye sauti katika uamuzi wawe na zamu katika mkesha. Kila ukoo wenye mgonjwa wa muda mrefu na ukutane juma hili, uandike zamu za usiku, na aliyeuguza mpaka sasa apewe usiku mbili za kwanza alale.