Mtoto wa Shilingi 200

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Mbagala Rangi Tatu. Daladala inasimama, konda anakinga mkono mlangoni kama komeo: "Madenti wawili tu! Wengine ngojeni la nyuma!" Wanaoambiwa wangoje ni watoto wa miaka kumi, mabegi mgongoni. La nyuma likija, mkono ni uleule. Wakifika shule wamechelewa, fimbo inawasubiri getini.

Wanachapwa kwa kosa la nani?

Hesabu ya konda haina siri. Kwa nauli zilizoanza kutumika Desemba 2023, mtu mzima Dar es Salaam analipa shilingi 600 hata kwa safari fupi kabisa. Mwanafunzi analipa 200. Kila mtoto aliyepanda, konda anahesabu 400 zimepotea, na jioni tajiri wa gari anataka hesabu yake kamili. Kumkataa mwanafunzi ni kosa, konda anajua. Ila trafiki humkamata siku mojamoja. Tajiri anamdai kila siku.

Basi tuseme wazi: serikali ilipanga nauli ya huruma, ikamwachia konda ailipie. Konda akausukuma mzigo chini, ukamwangukia asiye na wa kumsukumia. Ukarimu wa mfuko wa mwenzio ni ukarimu gani?

Mwaka 2016 tulifuta ada tukashangilia. Tuliifuta darasani, tukaiacha mlangoni mwa daladala. Mtoto wa mwenye nacho anafuatwa nyumbani na basi la njano la shule. Anayebaki kituoni ni mtoto wa mama ntilie. Na binti akichoka kungoja, atatokea wa bodaboda: "Panda nikusogeze, nauli tutaongea." Wazazi, bei ya lifti hiyo mnaijua. Wengine mmeshailipa, mna wajukuu nyumbani.

Nasi abiria tusijifiche nyuma ya konda. Mtoto akibahatika kupata siti, tunamwinua: "Denti, mpishe mkubwa." Kumpisha mzee na mjamzito ni adabu. Kumwinua mtoto aliyeamka saa kumi usiku ili akae kijana wa miaka thelathini mwenye simu mkononi, huo ni uonevu.

Serikali ifidie pengo la nauli kwa kila mwanafunzi anayebebwa, au iweke mabasi ya wanafunzi asubuhi na jioni. Isionekane fadhila. Barabara ni mali ya umma, na mama ntilie analipa kodi kila anaponunua sukari. Mwanawe ana haki na barabara hiyo sawa na mwenye gari lake.

Na kesho alfajiri, kabla fidia haijaja, mkono wa konda utakingwa tena. Ndugu abiria uliyekwisha kukaa, usiangalie dirishani. Sema, na jirani yako aseme: gari haliondoki, watoto hawajapanda.