Sauti ya Luninga na Masikio ya Wazee Wetu

Katika nyumba nyingi zenye luninga upo ugomvi mmoja unaofanana. Taarifa ya habari inasomwa, bibi anaomba sauti iongezwe, inaongezwa. Mara linaingia tangazo la sabuni au la kampuni ya simu, na chumba kizima kinatetemeka. Mtoto mchanga anashtuka usingizini, mama anapiga kelele kutoka jikoni, baba ananyakua rimoti na kupunguza. Tangazo likiisha msomaji wa habari anarudi, na bibi hasikii tena neno. Akiomba mara ya pili anajibiwa, "Bibi, si tumeongeza sasa hivi?" Baada ya siku chache haombi tena. Anakaa pale akitazama picha tu.

Huenda wapo watakaocheka kuona jambo hili limewekwa katika ukurasa wa afya. Sisi tunaona hapa ndipo mahali pake, kwa sababu huyo bibi aliyenyamaza ni mgonjwa ambaye hakuna aliyemtambua.

Kwanza tuwaondolee watu wa nyumbani lawama. Sauti kupanda na kushuka hakuletwi na rimoti wala na mtoto aliyeichezea. Kwa miaka mingi vituo vilipima kilele cha sauti tu, yaani kisivuke kiwango fulani. Watengenezaji wa matangazo wakapata njia: huzipandisha sauti zote ndogo mpaka zikaribie kilele. Kipimo hakionyeshi kosa, lakini sikio halipimi kilele peke yake, hupima wingi wa sauti kwa jumla. Mchezo wa kuigiza una minong'ono na vimya. Tangazo halina hata nafasi ya kupumua.

Kwingineko wananchi walilalamika mpaka wakasikilizwa. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2010, ikaanza kutumika Desemba 2012, inayokataza tangazo kuwa na sauti kubwa kuliko kipindi kinachoendelea. Mwaka huo huo wa 2010 umoja wa vituo vya utangazaji vya Ulaya ulitoa mwongozo wa kupima sauti kwa jinsi sikio linavyosikia. Vipimo hivyo si siri wala si vya matajiri tu, na wenye vituo wa kwetu hawana sababu ya kutovifuata.

Sasa turudi kwa bibi. Ndani ya sikio mna chembe zenye vinyweleo vidogo sana zinazopokea sauti. Zikifa hazioti tena. Kwa uzee, au kwa kelele za miaka mingi, hutangulia kufa zile zinazopokea sauti nyembamba, na sauti hizo ndizo zinazobeba herufi kama s, f, t na k. Kwa mzee wa namna hiyo maneno saa, taa, faa na kaa yaweza kusikika kama neno moja. Ndiyo maana husema, "Nasikia, ila sielewi." Huo si ukaidi.

Tena sikio lililochakaa lina tabia ya ajabu. Sauti ndogo halizipati kabisa, lakini sauti kubwa hulipiga vikali kama sikio la kijana, pengine zaidi. Nafasi iliyobaki kati ya "sisikii" na "inaniumiza" ni nyembamba mno. Basi mzee anayeomba sauti iongezwe, kisha dakika moja baadaye anaziba masikio, si kigeugeu. Anasema kweli mara zote mbili.

Je, luninga yenyewe huharibu masikio? Tusitie watu hofu. Shirika la Afya Duniani husema mtu aweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma bila hatari kubwa, lakini zikifika 90 ni saa 4 tu. Luninga ya sebuleni ni nadra kufika huko kwa muda mrefu. Vijana wanaoziba masikio kwa vidude vya simu usiku kucha ndio wanaotutia wasiwasi zaidi.

Mzee anayeomba sauti iongezwe kila siku apelekwe hospitali, akatazamwe masikio. Mara nyingine hukutwa nta imeziba tu, na daktari akiitoa mambo yanakwisha siku hiyo hiyo. (Tafadhali msichokonoe kwa njiti ya kiberiti wala unyoya wa kuku.) Vilevile muulizeni daktari kuhusu dawa anazotumia, maana zipo zinazodhuru masikio, kama sindano za streptomaisini na gentamaisini.

Na nyumbani, kiti chake kisogezwe karibu, mbele ya luninga. Besi ipunguzwe, kwani hufunika maneno. Luninga nyingi za kisasa zina spika zinazotazama chini au nyuma, kwa hiyo zisisukumwe ndani ya kabati. Katika mipangilio ya sauti nyingi zina sehemu ya kusawazisha, au ya kusikiliza usiku. Kijana wa nyumba aitafute, aiwashe. Habari zikiisha, mmoja akae na bibi amweleze kilichosemwa, uso kwa uso, polepole, bila kupiga kelele.